Droni Nyepesi ya Kwanza kwa Bajeti Ndogo: Mwongozo Kamili kwa Mnunuzi wa Mombasa

Mpwa wangu alinunua droni yake ya kwanza mwezi wa Julai, kusi likiwa limekaza. Boksi lilikuwa zuri, limeandikwa 4K, yaani video ya ubora wa juu, kwa herufi za dhahabu, na muuzaji alimwambia, "Chukua hii bwana, hutajuta." Tukaenda nayo ufuoni Nyali alasiri. Ilipanda vizuri mpaka ilipovuka vichwa vya minazi. Hapo upepo ukaidaka. Mtoto alisukuma kijiti cha rimoti mbele mpaka mwisho ili irudi, taa zake za mbele zikiwa zimetuelekea sisi, na bado ikawa inasogea nyuma kuelekea Bamburi, polepole, bila kelele yoyote. "Mjomba, mbona yatutazama na yazidi kwenda?" aliniuliza. Hatukuipata tena.

Tangu siku hiyo, kila anayeniomba ushauri wa kununua droni mimi humuuliza mambo mawili kabla ya kugusa habari ya kamera. Je, itaruhusiwa kuruka? Na ikiruka, itarudi? Picha nzuri huja baada ya majibu hayo. Mwongozo huu nimeupanga kwa mtindo huo huo, nikiwafikiria watu wa Mombasa wenye pesa za kuhesabu na wanaotaka droni ndogo yenye kamera ya kweli.

Hatua ya 1: Jua utairushia wapi na kwa kazi gani

Chukua karatasi uandike mahali patatu unapotaka kupiga picha na utakavyozitumia picha hizo. Harusi za Kisauni, matangazo ya nyumba za kupanga Mtwapa, mashua za Old Town, shamba la mzee kule Kwale. Kazi ya kulipwa na burudani yako binafsi havina masharti sawa. Mahali penyewe nako huamua mengi, kama utakavyoona sasa hivi.

Hatua ya 2: Kibali kabla ya pesa

Wengi huanza kwa kununua, halafu wanauliza sheria. Kwa Kenya, geuza mpangilio huo. Droni zinasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, kwa kanuni za mwaka 2020. Kila droni husajiliwa, na kuingiza droni nchini kunahitaji kibali cha mamlaka hiyo kabla mzigo haujafika. Ukiagiza kwa mtandao au ukamwambia ndugu aliye Dubai akubebee kwenye begi bila kibali, forodha wataishika uwanjani. Wageni wengi wanaokuja likizo pwani wameachana na droni zao hapo hapo kwenye kaunta.

Kuna habari moja inayozunguka sana na inawaponza watu: kwamba droni ya chini ya gramu 250 haihitaji kusajiliwa. Hiyo ni sheria ya kwingine. Marekani, anayerusha kwa burudani tu hahitaji kusajili droni ya chini ya gramu 250, na ndiyo maana viwanda vinajibana kutengeneza droni za gramu 249. Hapa kwetu uzito huo haukuondolei wajibu. Una faida nyingine, lakini usije ukamwambia askari ufuoni kwamba droni yako ni nyepesi na ukadhani umemaliza maneno.

Masharti ya kuruka yenyewe ni haya. Usipite futi 400 kutoka ardhini, yaani takriban mita 120. Kaa mita 50 au zaidi kutoka kwa watu, magari na majengo yasiyo chini ya usimamizi wako. Rusha mchana, droni ikiwa mbele ya macho yako. Usikaribie uwanja wa ndege mkubwa kwa umbali wa kilomita 10, na viwanja vidogo kilomita 7, bila idhini.

Sharti hilo la mwisho ndilo zito kwa mtu wa Mombasa. Uwanja wa ndege wa Moi uko Port Reitz. Fungua ramani kwenye simu yako, tumia kipimo cha umbali, pima kilomita 10 kutoka hapo kuelekea mashariki, utaona duara linafunika Changamwe, Mikindani, Makupa na sehemu kubwa ya kisiwa, hadi jirani ya Fort Jesus. Ongeza bandari ya Kilindini, kambi ya wanamaji Mtongwe na Ikulu ya Mombasa, ambako hata wazo la kurusha bila ruhusa usiwe nalo. Fort Jesus yenyewe iko chini ya Makumbusho ya Taifa, kwa hiyo hapo unaomba kwao pia. Ukivuka daraja ukafika fuo za Nyali, Bamburi na Shanzu umetoka kwenye duara la Moi, ila bahari iliyo mbele yako kwa sehemu kubwa ni hifadhi ya baharini ya Mombasa, na wenyewe hapo ni KWS, shirika la wanyamapori. Ukishuka Diani, kuna uwanja wa ndege wa Ukunda.

Sisemi haya ili kukuvunja moyo. Nasema kwa sababu nimeona vijana wameuza simu na kukopa chama, wakanunua droni, halafu ikakaa kabatini kwa kuwa mahali pote walipopapanga hapakuwa na ruhusa. Andikia KCAA kwanza, utaje aina ya droni, uzito wake, unakotaka kurusha na kwa kazi gani. Kama utalipwa, panga pia leseni ya rubani wa droni kutoka chuo kilichoidhinishwa, pamoja na cheti cha uendeshaji. Gharama hizo ziingie kwenye bajeti tangu mwanzo. Na ukiwa unapiga picha juu ya makazi ya watu, kumbuka Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019: sura ya mtu ni data yake. Kwa heshima za kwetu hata bila sheria, ua wa nyumba ya mtu ni sitara yake, na mama anayeanika nguo juu ya dari hakukualika.

Hatua ya 3: Nunua kwa kupima upepo

Hapa ndipo pwani inapotofautiana na bara. Kusi hutawala kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, na Juni hadi Agosti ndiyo makali yake. Kaskazi huja mwisho wa mwaka hadi Machi. Katikati kuna maleleji, majuma ya utulivu ambayo mimi huwaambia wanaoanza wayangoje.

Droni ya kweli ina kipimo cha upepo kinachoandikwa kwa mita kwa sekunde. Zile nyepesi zilizo nzuri huandikwa mita 10.7 kwa sekunde, kama kilomita 38 kwa saa. Neo ya kampuni ya DJI, ambayo ni ndogo na ya bei ya chini, imeandikwa mita 8, karibu kilomita 29 kwa saa. Nyingi za madukani za kuchezea hazina kipimo chochote, na kukosekana huko ndiko jibu lako.

Kipimo hicho ni mwisho wa uwezo, kwa hiyo jiwekee akiba. Mimi huchukua theluthi mbili: droni ya mita 10.7 sirushi upepo ukipita mita 7, yaani kilomita 25 kwa saa. Programu za hali ya hewa hutoa kilomita kwa saa. Gawa kwa 3.6 upate mita kwa sekunde. Angalia na mpigo wa juu wa upepo, usitazame wastani peke yake. Na usisahau kwamba wewe umesimama chini, umekingwa na minazi na kuta za hoteli. Juu ya minazi upepo ni mwingine. Tazama makuti: yakiwa yote yamelazwa upande mmoja kama nywele zilizochanwa, na maji yaliyo ndani ya miamba yameanza kutoa vichwa vyeupe, rudisha droni kwenye begi ukanywe madafu.

Hesabu ndogo ya kukaa nayo kichwani. Droni inakwenda mita 10 kwa sekunde, ukaipeleka kilomita moja kwa kufuata upepo. Hiyo ni sekunde 100. Ukigeuza, upepo unaipunguza mpaka inapata mita 4 tu kwa sekunde. Kurudi ni sekunde 250, zaidi ya dakika nne, na mota zinavuta betri kwa nguvu njia nzima. Kwa hiyo anza safari kwa kupambana na upepo ili urudi ukisukumwa. Wakati wa kusi ufuoni Nyali au Bamburi, upepo unatoka baharini upande wa kusini, basi elekea huko kwanza. Lakini alfajiri, upepo mwepesi wa nchi kavu husukuma vitu kuelekea bahari kuu. Hapo hesabu inageuka.

Kwa sababu hiyo sikubali droni isiyo na vitu vitatu. Cha kwanza ni GPS, ili ukiachia kijiti ibaki palepale ilipo. Cha pili ni kurudi yenyewe nyumbani mawasiliano yakikatika. Cha tatu ni mota zisizo na brashi, kwa kuwa mota za brashi, zile za droni za kuchezea, hazina nguvu na huchakaa upesi. Ukimuuliza muuzaji mambo hayo matatu naye akaanza kukuonyesha taa na jinsi inavyopiga samasoti, toka dukani.

Hatua ya 4: Gimbali kwanza, ndipo 4K

Neno 4K kwenye boksi halikuambii kitu. Droni za bei ya kutupa huchukua picha ya hali ya chini halafu programu ikaivuta iwe kubwa, kama unga uliotiwa maji mengi. Cha kutazama ni gimbali, ule mkono wenye mota ndogo unaoishika kamera isitikisike. Gimbali ya mihimili mitatu hukaza picha hata droni ikiwa imelala kwa upepo. Bila hiyo, video ya kusi itamkera macho kila atakayeitazama. Kuna droni zinazotegemea programu peke yake kutuliza picha. Hukata kingo na kuleta mawimbi mawimbi kwenye mstari wa upeo wa bahari, na kwetu mstari huo uko kwenye kila picha.

Baada ya gimbali tazama ukubwa wa sensa, kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Nyingi za kuanzia zina sensa ya inchi 1/2.3, inatosha kwa mwanga wa mchana. DJI Mini 3 ina ya inchi 1/1.3, kubwa zaidi, na utaona tofauti saa kumi na mbili jioni jua likizama nyuma ya Kilindini. Mini 3 pia hugeuza kamera ikasimama wima, jambo kubwa kwa anayepiga video za simu.

Nunua vichujio vya kupunguza mwanga. Mchanga wetu mweupe na maji yanayong'aa saa sita mchana huichoma picha.

Hatua ya 5: Gawanya pesa kabla hujaingia dukani

Kanuni yangu ni kwamba theluthi moja ya pesa isiende kwenye droni. Hiyo ni ya usajili, betri ya pili, mapangaboi ya akiba, kadi ya memori yenye alama ya V30 au U3, na kitambaa cha kutandika juu ya mchanga ili droni itue. Kama una shilingi 60,000, basi tafuta droni ya 40,000. Ukimaliza zote kwenye mashine, utarusha betri moja na kukaa saa nzima ukingoja chaji huku mwanga mzuri unapita.

Mfano wa hesabu ya kuagiza: DJI Mini 4K ilitoka mwaka 2024 kwa dola 299 za Marekani. Kwa dola moja ya shilingi 129, hiyo ni kama 38,600. Tia VAT ya asilimia 16, unafika karibu 44,700, na bado hujalipa usafiri na ada nyingine za kuingiza mzigo. Ndiyo maana duka la hapa linalouza kwa elfu chache zaidi, lenye risiti na kibali cha kuingizia mzigo, linaweza kuwa rahisi kuliko mtandao. Omba uone karatasi hiyo. Muuzaji halali hakasiriki kuombwa.

Hatua ya 6: Aina ninazoweza kuzisemea

Kwa anayeanza na bajeti ndogo, ningechukua Mini 4K. Haifiki gramu 249, ina gimbali ya mihimili mitatu, 4K ya kweli, na muda wa kuruka ulioandikwa dakika 31. Hizo dakika 31 ni za mahali pasipo upepo; wewe panga 20. Ndugu yake, Mini 2 SE, hupiga 2.7K badala ya 4K na hupatikana kwa bei ya chini hasa mkono wa pili. Kwa video za simu, tofauti hiyo si ya kukunyima usingizi. Zote mbili hazina macho ya kuona vizuizi mbele wala pembeni, kwa hiyo nyaya za stima za mitaani kwetu ni kazi ya macho yako.

Potensic Atom ni mbadala mzuri, nayo iko chini ya gramu 249 na ina gimbali ya mihimili mitatu. Usiichanganye na Atom SE, ambayo haina gimbali ya namna hiyo. Majina yanafanana na wauzaji huyachanganya.

Neo ina gramu 135, huruka kutoka kiganjani, dakika 18, na gimbali yake ni ya mhimili mmoja. Inafaa ukumbini, uani, au kumfuata mtoto kwenye baiskeli. Ufuoni wakati wa kusi, sikushauri.

Kitu kimoja kinachowapata wengi: hakikisha simu yako inaikubali programu ya droni hiyo kabla ya kulipa. Kwa Android, programu ya DJI Fly haipatikani Play Store. Hupakuliwa kwenye tovuti yao, na simu yenye nguvu ndogo itakwama katikati ya safari. Unganisha simu yako pale pale dukani, uone picha inakuja bila kusitasita.

Hatua ya 7: Mkono wa pili bila kupigwa

Hapa ndipo bajeti ndogo inapopata droni nzuri, na ndipo unapopigwa vilevile. Kutaneni mchana mahali pa wazi, betri zote zikiwa zimejaa.

Anza kwa pua na macho. Adui wa droni ya Mombasa ni chumvi. Fungua mikono yake uchungulie mota kwa tochi ya simu: shaba ya ndani iwe safi, isiwe na unga mweupe wala kijani. Zungusha kila mota kwa kidole, droni ikiwa imezimwa. Zote nne zizunguke laini kwa sauti moja. Ikikwaruza kama mchanga kwenye meno, humo mna mchanga kweli. Tazama tundu la chaji, kutu ya kijani hapo maana yake ilionja bahari, na droni iliyoonja bahari hata ikiruka leo, siku zake zinahesabika. Pitisha ukucha kwenye maungio ya mikono kutafuta ufa mwembamba. Kagua mapangaboi: kwa DJI Mini, yenye alama hukaa kwenye mikono yenye alama, na skrubu ziwe zote zipo.

Washa. Gimbali itacheza kidogo kisha itulie kimya. Ikiendelea kutetemeka, au kamera ikae imepinda, acha. Ingia kwenye programu, sehemu ya usalama, taarifa za betri: utaona imechajiwa mara ngapi. Betri iliyovimba hata kidogo, ikashindwa kuingia kirahisi, usiichukue hata bure, kwa kuwa betri hizi za lithiamu zikiharibika hushika moto.

Kisha jambo ambalo watu hulisahau. Droni ya DJI hufungwa kwenye akaunti ya mwenyewe. Mwambie muuzaji aiondoe kwenye akaunti yake mbele yako, nawe uifunge kwenye yako hapo hapo. Asiyeweza kufanya hivyo, huenda si yake. Omba na karatasi za usajili wa KCAA ili umiliki uhamishwe rasmi, na namba iliyo mwilini mwa droni ilingane na ya karatasi.

Hatua ya 8: Safari za kwanza na chumvi

Toka asubuhi, saa kumi na mbili na nusu hivi, kwenye uwanja mpana ulio nje ya maeneo niliyotaja. Kabla ya kupanda, weka urefu wa kurudi nyumbani. Mnazi mrefu hufika mita 30 na maghorofa ya Nyali hupita hapo, basi tazama kilicho kirefu zaidi jirani na uongeze mita 15. Ngoja GPS ikamate na sehemu ya nyumbani, yaani pale inapoanzia kuruka, iandikwe. Panda mita mbili, achia vijiti, uiangalie kwa dakika nzima. Ibaki palepale. Kisha ipeleke mita 60 na ubonyeze kitufe cha kurudi. Fanya hayo siku tatu kabla hujaiona bahari.

Ukifika juu ya maji, usishuke chini ya mita tano. Sensa za tumboni husoma ardhi, na maji yanayocheza huzidanganya. Geuza ukiwa na nusu ya betri, kwa sababu betri ikikaribia kuisha droni huanza kutua yenyewe popote ilipo, hata ikiwa juu ya miamba na maji yamejaa. Ukirusha kutoka kwenye mashua inayokwenda, sehemu ya nyumbani inabaki nyuma ulipoanzia, na hapo sasa ni maji matupu.

Ukirudi nyumbani, chukua kitambaa laini, kilowe maji baridi ya kunywa na ukamue mpaka kisidondoke. Futa mwili, mikono na mapangaboi, kausha na kitambaa kingine, kisha weka begini na vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Betri uziache nusu kama hutarusha wiki hiyo, mbali na dirisha lenye jua na kamwe usiziache ndani ya gari lililoegeshwa juani. Chaji ukiwa macho, juu ya sakafu ya saruji, na uchomoe kabla hujalala.